Udongo wa Pembeni

Foleni ya duka la fotokopi lililotazamana na mahakama ilikuwa imefika barabarani, na mashine ilikuwa imekwama kwa mara ya tatu. Makarani walisonya, mawakili walitazama saa. Mmoja wao, mwanamke wa miaka thelathini na moja aliyevaa suti ya kijivu na raba nyeupe, alinyakua karatasi zake akatoka mbio.

"Dada! We dada wa raba!"

Aligeuka. Kijana mrefu mwenye shati la bluu lililonyooshwa pasi likanyooka, na viganja vyenye sugu, alikuwa anamfuata huku akicheka.

"Umenichukulia leseni yangu. Au unataka kuendesha mtambo wa kuchimbia?"

Kweli, katikati ya karatasi zake palikuwa na nakala ya leseni yenye picha ya mtu aliyekodoa macho.

"Hapa ulipigwa picha au ulikamatwa?" aliuliza.

"Hapo nilipigwa picha. Kukamatwa ndiyo leo."

Alicheka kabla hajajizuia, na kabla hajavuka barabara walikuwa wamepeana namba. Kwa wiki sita simu zao hazikupoa. Yeye alimwita Fundi, na kijana alimwita Wakili, kwa sauti ya kumsifia mtu cheo hata anapomtania.

"Wakili, umekula?"

"Bado, mpenzi. Mafaili yamenimeza."

"Yatapike. Niko getini kwenu."

Jumapili moja, wakiwa wamekaa kwenye bustani ya jiji, Fundi alimsimulia kazi yake kama mtu anayefungua moyo. Kampuni yao ilikuwa inakausha kinamasi ili ijenge maghala. "Malori ya kubeba udongo yalikuja siku mbili tu, yakapotea. Sasa tunaurundika pembeni, humo humo majini. Moyo wangu hauridhiki, lakini nitafanyaje?" Wakili alimshika mkono, basi.

Siku kumi baadaye bosi wake alimwita. Alikuwa mama wa makamo ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Vifungu, kwa kuwa sheria alikuwa nazo kichwani. Alimsukumia faili nene. "Umeomba kesi kubwa miaka minne. Hii hapa."

Ilikuwa kesi ya kinamasi kile. Maji ambayo zamani kilikuwa kinayanywa yalikuwa yameingia kwenye nyumba za mtaa wa bondeni, na serikali ilitaka uchimbaji usimamishwe. Tatizo lilikuwa sheria yenyewe. Ilikataza kumwaga au kurundika chochote kinamasini bila kibali, ila juu ya kuchimba ilinyamaza kimya. Kampuni ilijibu kwamba ilichimba tu, udongo wote ukabebwa na malori, na matone yaliyodondoka kutoka kwenye kijiko cha mtambo si kumwaga. Shahidi wao mkuu alikuwa ameapa hivyo kwa maandishi.

Wakili alifunua kiapo kile. Nyuma yake palibanwa leseni yenye macho yaliyokodolewa.

Alitoka hadi kwenye ngazi, akapiga simu.

"Laazizi wangu," Fundi alipokea, ngurumo ya mtambo nyuma yake.

"Zima mtambo." Ngurumo ikafa. "Umeapa kwamba udongo wote ulibebwa."

"Karatasi hiyo umeipata wapi?"

"Iko mezani kwangu. Nimepewa kesi leo, upande wa serikali."

"Kumbe! Kwa hiyo bustanini ulikuwa unanihoji?"

"Sikuwa na kesi siku ile!"

"Na mimi bwege nikakumwagia yote. Leseni yangu ikajikuta mkononi mwako, eti bahati mbaya. Mtego mzuri, Wakili."

"Mtego? Aliyeapa uongo ni nani kati yetu?"

"Niliambiwa sahihi au mlango! Haya, nenda ukanitangaze." Simu ikakatwa.

Wakili aliiweka simu mfukoni. Ushindi alikuwa nao mdomoni. Alichotakiwa ni kusema tu. Alirudi akafunga mlango wa bosi.

"Mama, sifai kushika kesi hii. Shahidi wao ni mchumba wangu."

Mama Vifungu alivua miwani. "Amekwambia lolote kuhusu udongo?"

"Alichoniambia aliniambia kama mchumba. Hicho sitakisema."

"Unajua unachokitupa?"

"Najua."

Faili lilimtoka mikononi, naye akarudishwa kwenye kazi ya kupanga mikataba ya zamani. Fundi hakupokea simu zake, naye Wakili hakumwandikia kwamba amejitoa. Angeonekana anajitakasa.

Siku ya kusikilizwa alikaa benchi la nyuma kabisa, kama msikilizaji tu. Fundi alipanda kizimbani amekonda, shati limempwaya. Alimwona, akakaza taya. Kisha akamngoja ainuke amhoji, akashangaa kuona anayeinuka ni mama mwingine.

Mama Vifungu aliuliza juu ya saa za kazi, akauliza juu ya kina cha mfereji, akauliza idadi ya malori. Alikuwa anapapasa, na chumba kizima kiliona. Wakili wa kampuni alianza kutabasamu. Fundi alitazama tena benchi la nyuma, safari hii kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo, shahidi, udongo wote ulibebwa?"

"Hapana, mama."

Tabasamu la upande wa pili likafutika. Jaji aliinua kichwa. "Kiapo chako kinasema ulibebwa. Hukukisoma?"

"Nilikisoma, Mheshimiwa. Nilikitia sahihi kwa kuogopa kazi yangu. Malori yalikuja siku mbili. Siku arobaini zilizobaki tuliurundika pembeni, ndani ya kinamasi, na mimi ndiye niliyekuwa naurundika."

"Unajua kwamba kuapa uongo ni kosa?"

"Najua. Nikiulizwa kwa hilo nitajibu."

Kabla ya adhuhuri jaji aliamuru mitambo yote isimame mpaka kesi imalizike. Msimamizi wa Fundi alimwambia mlangoni asithubutu kurudi kazini.

Wakili alimkuta kwenye ngazi za mahakama, amekaa peke yake.

"Hukumwambia yule mama," Fundi alisema bila kuinua uso.

"Sikumwambia."

"Na kesi wakakunyang'anya."

"Niliiacha mwenyewe."

Fundi alijifuta uso kwa kiganja. "Nilikutukana, mpenzi. Nisamehe. Sasa sina kazi, na huenda nikashtakiwa. Ningekuwa na akili ningekuaga. Lakini nataka kukuoa."

"Ukishtakiwa utatafuta wakili. Si mimi, tafadhali." Aliketi kando yake, bega kwa bega, akatoa simu akampigia mama yake mzazi. "Mama? Nina mtu nataka kumleta nyumbani."

"Ana kazi gani?" Sauti ilisikika hadi kwa Fundi.

"Leo hana."

"Ha! Na jana?"

"Jana alikuwa na kazi, Mama. Ameipoteza kwa kusema kweli."

Fundi alisogeza sikio karibu na simu.

"Mlete Jumamosi," mama alisema. "Na aje tayari kusema kweli tena, maana nina maswali."