Kibati cha Mwerezi

Haya yalimpata rafiki yangu Leona Friesen, mtafiti wa mizizi katika misitu ya British Columbia, na mpaka leo hapendi kuulizwa.

Kiangazi kimoja, alipokuwa akichimba mtaro wa kukata mizizi ya miti ya majaribio, alikosea mstari akakata mizizi ya mwerezi mkongwe usiohusika. Mti ukakauka. Leona akang'oa kibati cha namba 47 kilichopigiliwa shinani, akakifukia mtaroni, kisha akaandika kwamba mti uliuawa na wadudu. Msaidizi wake, Garth, akahangaika siku mbili akibandua magome kuwatafuta wadudu hao. Leona akamwangalia tu.

Mwaka uliofuata walirudi kupiga picha mizizi, kwa kamera nyembamba inayoshushwa ndani ya mabomba ya kioo yaliyozikwa ardhini.

"Daktari, wagonjwa wako wanasemaje leo?" Garth alimtania, akimimina kahawa.

"Wamenyamaza. Nawe waige."

Bomba la mwisho lilikuwa ng'ambo ya kijito, mbali kabisa na mtaro. Leona alijifunika koti kichwani ili aione skrini vizuri. Humo gizani akasikia kioo kikigongwa chini kule, taratibu: ko, ko, ko.

"Garth, acha kugonga!"

"Nagonga nini? Si unaona nimeshika vikombe?"

Kamera ikafika chini. Mizizi myeupe, mibichi, ilikuwa imekizunguka kibati na kukibana kwenye kioo, namba ikimwelekea yeye: 47.