Damu Iliyoyeyushwa

Asubuhi friza ya maabara ilikutwa mlango wazi, waya umechomolewa ukutani, na damu ya watoto wote wa utafiti imeyeyuka na kuanza kunuka. Inspekta Odette Comeau wa polisi ya Halifax alichungulia ndani, akaziba pua. Alishapeleleza wizi wa kamba wa baharini, wizi wa kuni, hata wizi wa kanisani. Mtu wa kuchomoa waya na kuondoka mikono mitupu hakuwahi kumwona. Jambo hilo lilimkera, na kusema kweli lilimfurahisha kidogo.

Mkuu wa maabara, Profesa Lorne Pettipas, alikuwa na jibu tayari. Kadi iliyofungua mlango baada ya watu kuondoka ilikuwa ya Rhoda Sylliboy, mchambuzi wa kompyuta. Wiki iliyopita yeye na Rhoda walikuwa wamekorofishana.

"Kwa nini?"

"Ujuaji wake tu, Inspekta. Vijana hawa wa kompyuta wanadhani damu ni namba."

Rhoda hakukana kwamba kadi ni yake. Alizoea kuiacha mezani, kila mtu alijua, na Profesa mwenyewe alishamgombeza mara nyingi. Alizungumza bila woga.

"Matokeo yenu yamepotea?" Odette aliuliza.

"Yamo humu kompyutani. Kilichopotea ni damu ya kupima upya."

"Nani alitaka kupima upya?"

"Mimi."

Odette akavuta kiti. Mtu haharibu kitu anachokililia.

Akaomba aelezwe polepole, kama mtu anayefundishwa kupika. Maabara ilikuwa imesoma damu ya watoto wagonjwa na ya wazima, kuona jeni zipi zinafanya kazi na zipi zimelala. Kompyuta ikachora mtandao, kila protini inayotengenezwa na jeni hizo imeunganishwa na zile inazoshirikiana nazo. Katikati ya mtandao kulikuwa na protini moja iliyoonekana kuzidi kwa wagonjwa. Dawa ya kuipunguza ilikuwa tayari hospitalini, na Jumatatu watoto wa kwanza wangedungwa.

"Sasa mimi nikafanya ukaguzi wa kawaida," Rhoda alisema. "Kuna jeni wanazo wavulana tu. Nikazikuta kwa wasichana kibao. Profesa akasema nimekosea hesabu."

"Nionyeshe damu iliingiaje mashineni."

Rhoda akatoa kisahani cha plastiki chenye vitundu, safu kwa safu, kila kitundu tone la mtoto mmoja. Wagonjwa huwekwa nusu ya juu, wazima nusu ya chini. Odette alikizungusha vidoleni kama alivyozoea kuzungusha kila kitu.

"Kikiingia kichwa chini, utajua?"

"Vya siku hizi vina kona iliyokatwa. Hivi vya zamani havina..." Rhoda akaigeukia kompyuta.

Aligeuza mpangilio, juu ukawa chini. Wavulana wakawa wavulana, wasichana wakawa wasichana, wote. Kisha akashika kichwa. Wagonjwa walikuwa wameandikwa wazima, na wazima wagonjwa. Ile protini haikuzidi kwa wagonjwa, ilipungua. Dawa ingewanyang'anya hata kile kidogo walichobakiwa nacho.

"Nani alikiweka kisahani?"

"Siku ile ya dhoruba ya theluji sote tulikwama nyumbani. Profesa anakaa jirani, akaja kwa miguu, akakiweka mwenyewe. Kila Krismasi lazima atuhadithie."

Kwanza kabisa Odette alipiga simu hospitali, dawa isimamishwe. Daktari alikubali, akashusha pumzi, halafu akataja jambo dogo ambalo hakuona kama lina uzito. Odette alilisikiliza akiwa amesimama.

Kituoni Pettipas alikuwa mtulivu.

"Kisahani anaweza kukikosea yeyote, Inspekta. Nilikuwa sijui."

"Mjukuu wako Colleen anaumwa ugonjwa huu huu."

"Ndiyo."

"Alipangwa kuwa wa kwanza kudungwa Jumatatu. Ulimtoa Ijumaa. Kwa nini?"

Profesa alivua miwani. Kisha yote yakamtoka. Baada ya ugomvi na Rhoda aligeuza mpangilio kwake nyumbani, akaona kosa. Maisha yake yote alikuwa ametafuta ugunduzi mmoja wa maana, na huu ndio aliopata. Dawa nyingi hushindwa, alijiambia, na hii ingeshindwa bila mtu kuuliza, mradi damu isipimwe tena. Basi akachukua kadi ya Rhoda mezani.

"Na wale watoto wengine?"

"Sikuwahi kuwaona," alisema, macho sakafuni. "Kwangu walikuwa namba tu."

Odette alikumbuka Profesa alivyomsema Rhoda, kwamba anadhani damu ni namba. Akatoa pingu.