Dawa za Wawili

Katika safari yake ya kwanza kijijini Mamba, mnamo Januari 1996, Sajini Eustace alipuuza lalamiko moja. Nyanzala, mwanamke aliyepika pombe ya ulezi, alimfuata hadi barazani mwa parokia akamweleza kuwa watu wanamwita mtia sumu. Mmoja wa wanywaji wake alikuwa ametapika hadi akaanguka, ilhali wenzake waliokunywa chungu kilekile walirudi makwao wakiimba. Sajini alimwelekeza kwa mtendaji wa kijiji. Yeye alikuwa ametumwa kutoka Mpanda kwa ajili ya wizi, na hakutambua kwamba habari za mwizi alikuwa amekwisha kupewa.

Kilichoibwa ni dawa. Pudensiana, mke wa mkulima wa mpunga aitwaye Method, alikuwa ametumiwa kifurushi na Daktari Séverine wa Tabora, ambaye alisoma maelezo ya wagonjwa katika barua zao na kuwapelekea tiba kwa posta. Kifurushi kilikuja Mpanda kwa treni, kisha Mamba kwa lori, na kukabidhiwa katekista Erasmus, mgawaji wa barua za kijiji kizima. Ndani ya chupa, mahali pa vidonge, palikuwa na punje za mahindi.

Erasmus mwenyewe ndiye aliyeita polisi, kwa kuwa waumini walikuwa wameanza kunong'ona kila anaposimama mbele yao. Sajini alimhoji, akaona mlango wa chumba cha barua haukuguswa, akamgeukia Shadrack, dereva wa lori.

"Afande, mimi nabeba barua, mbuzi na akina mama," alisema Shadrack. "Ningekuwa mwizi, ningeanza na mbuzi."

Mzaha huo ulimponza. Alipelekwa mahabusu Mpanda, kwani hapakuwa na mwingine aliyekaa na gunia la barua njia nzima.

Pudensiana alipoulizwa ni dawa ya nini, alijibu kuwa ni ya kichwa. Sajini akataka kujua kwa nini dawa ya kichwa itoke Tabora wakati zahanati ipo.

"Anayetoa dawa pale ni wifi yangu. Ningemwambia nini?"

"Kwamba kichwa kinakuuma."

Mwanamke akainamisha uso. "Miaka sita sijazaa, Afande. Mume wangu amesema tukishavuna nirudi kwa baba. Daktari anasema nikichelewa kutibiwa, kizazi kitaziba kabisa. Kwenye karatasi niliweza kueleza yote. Kwa mdomo siwezi, hata kwako siwezi."

"Kifurushi ulikifungulia wapi?"

"Palepale parokiani."

Kwa redio ya parokia Sajini alimwita daktari. Mazungumzo yale yangesikika katika kila misheni yenye redio, hivyo Daktari Séverine alikataa kutaja ugonjwa. Alitoa tahadhari tu.

"Aliyechukua vidonge hivyo asiguse pombe. Hata kidogo inaweza kumtapisha vibaya, uso uwe mwekundu na moyo umwende mbio. Tena, Sajini, vilikuwa vya watu wawili. Akitibiwa mmoja peke yake, ni kama hakutibiwa yeyote."

Sajini alikwenda kwa Nyanzala, akamkuta anafunga vyungu vyake kwa kamba, tayari kuhama.

"Leo ndiyo unanijua, Afande?" alisema, bila kuacha kazi. Kisha akamtaja aliyetapika: Method, siku majirani walipomsaidia palizi na kukaribishwa pombe kama ilivyo desturi.

Pudensiana alipohojiwa tena alikiri. Kifurushi alikuwa amekipeleka nyumbani, akakificha ndani ya kihenge cha mahindi akisubiri mumewe atoke. Alidanganya kwa sababu kusema kilikuwa nyumbani ni kumshtaki mtu ambaye tayari alikuwa anatafuta sababu ya kumfukuza.

Sajini alimkuta Method uani, ananoa jembe.

"Mimi dawa za wanawake za nini?" alisema.

"Siku ya palizi ulitapika nini?"

"Sumu ya yule mama."

"Majirani zako walikunywa chungu hichohicho na wako hai, wanalima. Kilichokutapisha ulikitoa kwenye kihenge chako, ukajaza mahindi chupani."

Method aliliweka jembe chini. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba tangu atoke machimbo ya dhahabu alikuwa anapata maumivu kila akienda haja ndogo, na kwamba mkewe alishamsihi watibiwe pamoja, naye akamtukana.

"Ningekunywa naye, ningekuwa nimekubali kwamba ugonjwa nimeuleta mimi. Sasa ningemrudisha kwao kwa kosa gani?"

Pudensiana alikuwa amesimama mlangoni. "Zilizobaki ziko wapi?"

"Nilitupa chooni. Nilidhani zinaniua."

"Zote? Hata zangu?"

Method aliokota jembe, akaendelea kunoa. Sajini alifunga daftari lake.

Shadrack aliachiwa. Nyanzala alikuwa amekwisha kuhamia Sitalike. Pudensiana alitibiwa Mpanda mwezi wa Aprili, peke yake, akiwa amechelewa, na baada ya mavuno alirudi kwa baba yake. Method hakutibiwa. Mwaka uliofuata alileta nyumbani mke mwingine.