Mafuta ya Chungu cha Kale

Sabuni haitoi jasho. Ile ya Mama Sabuni ilitoa, tena jasho la vuguvugu, linanata kama kamasi.

Shimo la choo kipya ndilo lililoleta balaa. Wachimbaji walikuta chungu cha watu wa kale, kimezibwa kwa nta, ndani mafuta meupe yaliyoganda. Mumewe akasema kirudishwe. Yeye akacheka: hao wa kale ndio waliotufundisha kuchemsha mafuta na maji ya majivu, leo mafuta yao yatudhuru? Akayatia sufuriani. Sabuni ilipoiva akaionja kwa ncha ya ulimi, kama wapishi wa sabuni wote wanavyofanya; isipouma, imekubali. Haikuuma. Ilimlamba.

Binti yake alikuwa na kichanga cha juzijuzi. Kipande cha kwanza alikiogeshea mtoto.

Nyumba ikaanza kunuka mzoga. Walifagia, wakamwaga maji, wakasaka panya aliyekufa, kumbe harufu inatoka kinywani mwa Mama Sabuni mwenyewe, na ulimi wake, ptu, umeota nywele nyeupe laini, na kila akipiga mwayo mafuta yanamchuruzika kidevuni, yanaganda, naye anayakwangua kwa ukucha na kuyarudisha mdomoni huku analia, maana mkono ulikuwa haumsikii tena. Binti alijifungia chumbani na mwanawe. Alichoogopa ni kimoja tu, mtoto asiguswe.

Mganga aliletwa mchana kweupe. Akamkagua kichanga: msafi, kalala. Kisha akaziba pua, akamwinamia mama.

"Wewe ni nani?"

Sauti iliyojibu haikuwa ya mama. "Walinichemsha, wakanifungia. Huyu kanionja."

"Toka."

"Nitatoka. Mwili huu umezeeka."

Akatapika mabonge kwa mabonge, mengine yana kucha ndani, hadi chungu kikajaa pomoni. Sabuni zote zikatupwa humo, nta ikayeyushwa, kikazikwa. Ulimi ukasafika. Mama alilia kwa furaha, akaomba ampakate mjukuu wake. Binti akasema sawa, ila amnyonyeshe kwanza.

Akafungua kifua. Mtoto hakuachama kama watoto wenzake. Alitoa ncha ya ulimi, akaigusisha kwenye chuchu, akatulia, anasikilizia kama inauma.