Mama Brayson Anakula Udongo

—Mimba ya nani?

Hata salamu hakuna. Miezi mitatu Elius yuko Makete anapasua mbao, anarudi Makambako na begi bado begani, na hilo ndilo neno lake la kwanza kwa mkewe.

Eveline alikuwa ameketi kitandani. Kuinuka tu kulimpa kizunguzungu.

—Mimba ipi, baba Brayson?

—Usinizungushe! Mama alipokuja kutoka Njombe alikukuta unatafuna udongo. Soma.

Akamsogezea simu. "Mwanangu, mkeo anakula udongo kama mjamzito. Hesabu miezi yako."

Eveline alichoka. Mama mkwe alikaa siku mbili akiuchungulia udongo, asimuulize yeye mwenyewe hali yake. Na huyu! Gogo likioza ndani hulijua kwa kuligonga mara moja, ila mke wake mwenyewe hamjui.

—Twende hospitali wapime hiyo mimba. Wakiipata, wakupe na jina la baba yake.

—Twende!

Daktari alimfunua Eveline macho, akatazama viganja vilivyopauka, akaagiza vipimo. Majibu yalipokuja, akamgeukia Elius.

—Mimba hakuna. Damu yake ni sita, ilhali inatakiwa angalau kumi na mbili. Mtu akipungukiwa damu hivi anaweza kutamani udongo. Na kwenye kizazi kuna uvimbe, ndio unaommaliza damu. Hedhi nzito ilianza lini?

—Muulize mume wangu, alisema Eveline. Nilimwandikia kila mwezi.

—Mimi?

—Si unajua kusoma meseji za mama yako? Soma na zangu.

Elius akafungua simu. Alianza kusoma haraka, kisha sauti ikawa inapungua.

—"Leo siku ya tisa, damu bado." "Nabadilisha pedi kila saa, yanatoka mabonge." "Tumbo la chini linauma, nikisimama naona giza."

—Na wewe ulijibu nini? daktari aliuliza.

Elius akaishusha simu.

—Soma, baba Brayson.

—"Pole. Mambo ya kike hayo, vumilia."

—Mara ngapi?

—Zote tatu.

Daktari alishusha pumzi.

—Hedhi kupita siku saba, mabonge, kuona giza: hayo hayavumiliwi, yanaletwa hospitali. Leo tunamwongezea damu. Uvimbe tutaushughulikia akipata nguvu. Ndugu wanaweza kuchangia?

Elius alikuwa ameshakunja mkono wa shati.

—Chukueni chupa mbili.

—Hatuchukui mbili, alisema nesi. Kaa utulie.

Elius alirudi na pamba mkononi, akampigia mama yake palepale kando ya kitanda cha Eveline.

—Mama, hakuna mimba. Mke wangu anaumwa. Aliniambia, nikampuuza. Naomba usimseme tena.

Akakata simu. Machozi yalikuwa yanamlenga.

—Nisamehe, mke wangu.

Eveline alimtazama. Hasira alikuwa nazo tele, na bado alimpenda, mjinga huyu.

—Subiri kwanza waniongezee damu, alisema, akampa mkono aushike. Hii niliyobaki nayo haitoshi hata kukukasirikia.