Dakika Thelathini na Nane

Kila Ijumaa asubuhi, kabla kengele haijalia, wanafunzi wa darasa la sita walisukumana mbele ya gazeti la ukutani. Habari za mechi walizisoma harakaharaka, mashairi waliyaruka, kisha macho ya wote yakaganda kwenye kona ya chini, palipoandikwa kwa wino mwekundu: TUMEPIMA. Kona hiyo ilikuwa ya msichana mmoja mwembamba mwenye maneno mengi, ambaye shule nzima, hata mwalimu mkuu akijisahau, ilimwita Mizani.

Jina hilo hakupewa bure. Akiletewa kalamu, Mizani aliandika nayo mpaka ikauke huku akihesabu kurasa. Chupa ya maji aliidondosha kutoka juu ya dawati mara kumi, na mara ya kumi na moja kwa sababu mkono ulishazoea. Begi alilijaza mawe akalizungusha uwanjani mpaka mlinzi akamwuliza kama yu mzima. Msaidizi wake alikuwa Twiga, jirani yake wa dawati, msichana mrefu asiyependa makelele. Kazi ya Twiga ilikuwa kushika saa na daftari na kuandika kila namba kama ilivyotoka. Basi Mizani akisema kitu ni kizuri, wazazi walikinunua, na akisema ni kibovu, wenye maduka walinuna wiki nzima.

Siku moja mwenye duka la vifaa vya umeme, karibu na lango la shule, alimwita.

"Njoo hapa, mtaalamu. Unaiona hii?"

Alikuwa ameshika mashine ya gemu ya mkononi, ya rangi ya manjano, ndogo kama kipande cha sabuni.

"Ndani kuna gemu za zamani, zile za enzi zetu. Mia moja kamili! Bei yake ni ya chini, lakini vitu vya bei ya chini vina mambo. Kaa nayo wiki nzima, kisha uniambie ukweli. Niagize katoni, au niachane nazo?"

Mizani alivimba kichwa. Mtu mzima mwenye duka zima anamwuliza yeye! Akaipokea mashine kwa mikono miwili, akaahidi kuipima barabara.

Jioni ile aliandika katika daftari mambo ya kupima: kioo, vitufe, sauti, gemu, betri. Kisha akaiwasha, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kulikuwa na gemu ya nyoka anayemeza vitone na kurefuka. Kulikuwa na kigari kinachoruka mashimo, na matofali yanayodondoka kutoka juu ambayo lazima uyapange upesi kabla hayajakufikia. Mizani alicheza hadi vidole vikamwuma. Siku ya pili alirudi nyumbani mbio, akajibanza chini karibu na kabati, palipokuwa na soketi ya umeme, akachomeka waya wa chaja na kuendelea. Siku ya tatu hivyo hivyo. Twiga alipomwuliza, "Nije na saa?" alijibu, "Bado, nitakwambia." Ukweli ni kwamba hakutaka kugawana zamu na mtu.

Kupima betri kunachosha, na yeye alilijua hilo. Inabidi uichaji mashine ijae, uchomoe waya, uandike saa, ucheze mpaka ijizime yenyewe, kisha usubiri ijae tena, urudie. Kusubiri! Na nyoka wake amebakiza vitone vichache tu avunje rekodi! Waya haukuchomolewa wiki nzima.

Alhamisi ikafika. Aliandika kuhusu kioo: kinang'aa, hata karibu na dirisha unaona. Vitufe: vigumu kidogo, lakini vinatii. Sauti: kali, haipungui vizuri. Alipofika kwenye neno "betri," kalamu ikasimama. Akaligeuza boksi, akasoma maandishi yaliyokuwa mgongoni, akaandika: "Betri: inadumu saa sita." Tena akaongezea kwa madaha, "Unaweza kwenda nayo popote." Mwishoni akaipa nyota nne kati ya tano.

Ijumaa sifa zilimwagika. Mwenye duka naye alipita kuisoma kona ile, akatikisa kichwa kwa furaha, na katoni ikaagizwa.

Wiki mbili baadaye Twiga alikuja darasani akitabasamu, jambo ambalo halikuwa la kila siku. Siku chache nyuma mdogo wake wa miaka saba, ambaye nyumbani walimwita Pilipili kwa kuwa hakai mahali pamoja, alikuwa ameanguka kutoka ukutani na kuvunjika mguu. Alikuwa amelazwa hospitali, mguu umening'inizwa kwa kamba na uzito, na daktari alikuwa amesema atakaa hivyo wiki nyingi.

"Mama amemnunulia ile gemu," Twiga alisema. "Kule wodini soketi ni moja tu, ya mezani kwa muuguzi, na usiku ndiyo wanaruhusu kuchaji. Nikamwambia mama, hii haina shida, Mizani amepima. Saa sita!"

Mizani aliacha kuandika. Angeweza kusema palepale. Maneno yenyewe yalikuwa machache: sikupima, nilisoma boksi. Lakini ulimi ulimwia mzito. Akasema, "Atafurahi," akainamia kitabu ambacho kilikuwa juu chini.

Siku zikapita. Alipomwuliza Twiga habari za mgonjwa, Twiga alikunja uso. "Hachezi. Anasema haipendi. Sijui ana nini, siku hizi hata kuongea haongei."

Jumapili walikwenda pamoja kumtazama. Wodi ya watoto ilikuwa na vitanda vinane, harufu ya dawa, na kelele za watoto wanaobishana kutoka kitanda hadi kitanda. Mama yake Twiga, mshonaji wa nguo, aliwakaribisha, kisha akamchukua Twiga wakateke maji. Mizani akabaki na Pilipili. Mtoto alikuwa ameugeuzia uso ukuta.

"Pilipili, hujambo?"

Mtoto akageuka polepole, akatazama mlangoni, akaingiza mkono chini ya godoro na kuitoa mashine ya manjano.

"Dada," alinong'ona, "wewe ndiye fundi wa vitu, si ndiyo? Usimwambie mama. Nimeiharibu."

"Umeiharibu vipi?"

"Sijui! Nilicheza kidogo tu, ikazima. Muuguzi akaichaji, nikacheza kidogo, ikazima tena. Yule wa kitanda cha pili anasema nimebonyeza kwa nguvu. Wote wanasema mimi mharibifu. Mama aliinunua mpya, dada." Machozi yakamjaa. "Ukutani nilipanda mwenyewe, mguu nimeuvunja mwenyewe, na hii tena!"

Pale Mizani aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe. Ilimpanda kutoka miguuni, ikamchoma masikio. Hata hivyo hakusema. Badala yake, na jambo hili ndilo lililomtesa zaidi baadaye, alitabasamu, akaificha mashine mfukoni na kusema, "Usijali. Nitakutengenezea."

Pilipili akamtazama kama mtu anayemtazama mkombozi wake.

Shangazi yake Mizani alikuwa fundi wa simu. Kibanda chake kilikuwa na meza moja, taa ya kuinamishwa, na vikopo vya skrubu vilivyopangwa kwa ukubwa. Kesho yake, baada ya masomo, Mizani alimkuta akipuliza vumbi ndani ya simu iliyofunguliwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mama wa mizani. Leo umeniletea nini?"

Shangazi aliifungua ile mashine, akaigusa hapa na pale kwa kipima umeme, akacheka.

"Haina ugonjwa. Njaa tu. Tazama betri yenyewe." Ndani ya nafasi kubwa ya betri mlikuwa na kibetri kama kucha ya dole gumba, na sehemu iliyobaki ilijazwa sponji. "Hii hata saa moja haifiki. Lakini nasikia huko shuleni kuna mtu aliandika saa sita. Nani huyo?"

Mizani alikodolea macho vikopo vya skrubu. Shangazi akajua.

"Ulipima?"

"Nili... ilikuwa kwenye waya, shangazi."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Shangazi hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Aliichaji mashine mpaka ikajaa, akachomoa waya, akaweka saa ya mezani mbele ya Mizani. "Haya. Kazi uliyoiruka ndiyo hiyo. Cheza."

Kucheza huko hakukuwa na raha hata chembe. Nyoka alikula vitone, akarefuka, na ghafla kioo kikawa cheusi. Dakika thelathini na nane. Siku iliyofuata alirudia: thelathini na tisa. Siku ya tatu: thelathini na nane tena. Kila mara kioo kilipozima, alimwona Pilipili kitandani akiitikisa mashine, akijiuliza amekosea wapi.

"Nitamtilia betri kubwa inayoenea humu," shangazi alisema. "Hiyo ni kazi ndogo. Utampelekea lini?"

"Jumapili. Nitamwambia imepona."

Shangazi akaweka chini bisibisi. "Ukimwambia imepona, ataamini kuwa kweli aliiharibu, na wewe ndiye uliyemwokoa. Ndivyo unavyotaka?"

Mizani alilia hapo hapo, kwa sauti, mbele ya mteja aliyekuja kubadilisha kioo cha simu.

Kabla ya Jumapili alipita dukani. Mwenye duka alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Binti, boksi hata mimi nalisoma. Nilikupa wiki nzima ili unieleze yasiyoandikwa kwenye boksi." Akaenda kuziondoa mashine za manjano rafuni, moja moja, bila kumtazama tena.

Jumapili Mizani alipiga moyo konde. Twiga alikuwepo, na mama yao pia. Aliitoa mashine, akampa Pilipili, na kabla hajabadili nia akasema:

"Hukuiharibu. Ilikuja na betri mbovu tangu dukani. Mimi niliandika inadumu saa sita na sikuwa nimepima. Nilinakili boksi. Na Jumapili iliyopita nilijua, nikanyamaza."

Watoto wa vitanda vya jirani waliacha kubishana. Twiga alimtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza, kisha akaenda kusimama dirishani.

"Basi si mimi?" Pilipili aliuliza.

"Si wewe."

"Kweli si mimi?"

"Si wewe, Pilipili. Ni mimi."

Mtoto alijiinua kwa kiwiko kadiri kamba ilivyomruhusu, akapiga kelele kuelekea kitanda cha pili, "Umesikia? Si mimi!" Kisha, ajabu, akaangua kilio, maana alikuwa amebeba mzigo ule peke yake kwa siku nyingi.

Mama yake alimfuta machozi, akamgeukia Mizani. Macho yake yalikuwa yamechoka, lakini hayakuwa na chuki.

"Mwanangu, keti. Lile boksi nililiona dukani. Nilisoma hizo saa sita, nikalirudisha, kwa sababu boksi linaweza kusema lolote. Nikatoka. Njiani ndipo Twiga akaniambia, 'Mama, Mizani amepima.' Nikarudi. Mimi sikuliamini boksi. Nilikuamini wewe."

Mizani aliinamisha kichwa.

"Kutojua si aibu," mama aliendelea. "Ungeandika, 'Betri sikuipima,' ningekushukuru. Lakini mtu akikuamini, yeye hapimi tena. Anaziba macho na kukushika mkono. Ukimwongoza kwa maneno usiyoyajua, wa kuanguka ni yeye, na pengine atajilaumu mwenyewe kwa kuanguka. Leo umesema ukweli, na haikuwa rahisi. Sasa kauseme kule ulikoandika."

Ijumaa, kwenye kona ya wino mwekundu, hapakuwa na nyota hata moja. Paliandikwa: "Betri ya ile mashine ya manjano inadumu dakika thelathini na nane. Nimepima mara tatu. Mara ya kwanza niliandika saa sita bila kupima. Kosa ni langu. Kuna mtoto aliambiwa ameiharibu. Hakuiharibu." Wanafunzi walisoma, wengine wakacheka, mmoja akauliza kwa sauti kama na zile kurasa za kalamu alizitunga. Mizani alisimama pale pale mpaka kengele ikalia, masikio yakiwaka moto, akajibu kila aliyeuliza.

Twiga alikuwa hajamsemesha tangu Jumapili. Alikuja wa mwisho, akasoma yote, akarudia mstari wa mwisho.

"Uninakilie hiyo," alisema. "Pilipili anataka ibandikwe juu ya kitanda chake, wote waione."

"Nitainakili sasa hivi."

"Andika kwa herufi kubwa," Twiga alisema, tayari akiondoka. "Yule wa kitanda cha pili ndiyo kwanza anajifunza kusoma."