Wimbo wa Vinywa Vitatu

Mhina alirudisha mkanda nyuma mara ya tatu, akafumba macho, akahesabu kwa vidole. Alikuwa amerekodi sauti tatu. Sasa alikuwa anasikia nne.

"Mashavu," aliita taratibu, "ulipokuwa unaimba, kuna mtu aliingia humu?"

"Aingie nani, na mlango umeufunga mwenyewe?"

"Basi njoo usikilize."

Studio yake ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba ya wageni pale Korogwe, magodoro yamegongelewa ukutani kuzuia kelele za mabasi. Mashine ilitoka Dubai. Ilikuwa miaka ile nchi ilipofungua milango, kila mwenye binamu anayesafiri akawa mfanyabiashara, na Mhina, ambaye hadi juzi alikuwa fundi redio, akawa mtengenezaji wa muziki. Mashavu alivaa hedifoni. Alisikia sauti yake ikiuliza, sauti yake ikijibu, sauti yake ikikaribisha. Na chini yake kulikuwa na nyingine, nzito kidogo, ikitamka maneno yaleyale.

"Mwangwi huo," alisema.

"Mwangwi huja nyuma, dada. Huu unatangulia."

"Mhina, kaseti itoke wiki hii. Ukianza kusikiasikia mambo, nitatafuta fundi mwingine."

Mhina akazima mashine. Chumba kilikuwa kinanuka mkonge uliooza, ile harufu ya makapi yanayotupwa mtoni, naye akadhani upepo umegeuka. Dirisha lenyewe lilikuwa limezibwa kwa godoro.

Tusiwe wepesi kumlaumu Mashavu. Miaka minane aliimba katika Mafiga Matatu, kundi la wasichana chini ya bendi ya shamba moja la mkonge la serikali: Mwantumu wa Misima, Hilaria wa Lutindi, na yeye wa Mkata. Walivaa gauni za kitambaa kimoja na watu wakawaita "wale wasichana", basi, hakuna aliyejua yupi ni yupi. Shamba likauzwa. Mwenye shamba mpya alitaka mkonge, hakutaka nyimbo. Mwantumu akarudi kulima mahindi, Hilaria akaolewa akawa anaongoza kwaya ya misheni kule kwao. Mashavu alikataa kuisha hivyo. Alitaka kaseti moja tu yenye sura yake peke yake kwenye jalada, ili mtu akimsikia redioni aseme, huyu ni Mashavu. Waliomwambia figa moja haliinjiki chungu aliwajibu kwamba siku hizi kuna majiko ya mafuta ya taa.

Lakini wimbo uliowapa jina haukuwa wao. Ulikuwa wa Bi Afisa, bibi yake Mwantumu. Afisa ni jina lake la kuzaliwa, si cheo, ingawa Misima nzima walimwogopa kuliko maafisa wote wa wilaya. Alikuwa fundi wa ngoma za pepo, na kwa wimbo ule alimwita jini wa mtoni apande kichwani mwa mgonjwa, aseme anachotaka, aondoke. Una mistari mitatu tu, unarudiwa. Wa kwanza unauliza: *Nani yuko mlangoni?* Wa pili unajibu: *Mgeni wa mtoni.* Wa tatu unakaribisha: *Apewe kiti akae.*

Wasichana walipomwomba wauimbe jukwaani, bibi alikubali kwa sharti moja. Aliwagawia mstari mmojammoja, kila mmoja na wake, Mwantumu kuuliza, Hilaria kujibu, Mashavu kukaribisha.

"Vinywa vitatu, hapati pa kukaa, atacheza apite," aliwaambia. "Kinywa kimoja kikiuliza, kikajibu, kikakaribisha, basi kiti ni huyohuyo mwenye kinywa. Mmenisikia?"

Walisikia. Miaka minane hakuna aliyeimba mstari wa mwenzake, hata jikoni, hata bafuni.

Sasa Mashavu alikuwa peke yake, na bila wimbo ule nani angeinunua kaseti? Aliwaandikia wenzake. Mwantumu alikataa kwa sababu ya bibi, Hilaria kwa sababu ya kanisa. Ndipo akapata ujanja wake. Jumatatu aliimba mstari wa kwanza, akaenda kulala. Jumanne wa pili. Jumatano wa tatu. Alijiambia kwamba kinywa chake hakijauimba mzima hata mara moja, mashine ndiyo iliyounganisha, na mashine haina kichwa cha kupandwa. Kila aliyelelewa na masharti amewahi kuyatafutia mwanya hivyo. Masharti nayo huwa yametulia, yanamtazama tu.

Kaseti ilitoka. Kwenye vibanda vya Mkata ilipigwa kutwa, na mabasi ya Arusha yaliichukua kupanda, ya Dar yakaichukua kushuka. Mashavu alikuwa amerudi kwa mama yake hapo Mkata, nyumba ya tatu kutoka barabarani, na alikuwa na furaha kweli, furaha ya mtu aliyeitwa kwa jina lake sokoni kwa mara ya kwanza.

Harufu ilianza siku ya nne. Mkata hakuna mkonge, ni mahindi na mihogo, lakini mtungi wa maji ulinuka, khanga zilinuka, mto wa kitandani ulinuka makapi yaliyolowa. Asubuhi ya siku ya tano mama yake alimsalimu kutoka uani, naye akaitikia kwa sauti ya Hilaria.

Mama aliacha kupepeta. "Umekuja na mgeni?"

"Niko mwenyewe, mama," alijibu, na safari hii ilikuwa sauti ya Mwantumu, na lafudhi yake ya Misima, na kile kikohozi chake kidogo cha mwisho wa sentensi.

Mama na mwana walitazamana. 

Onyesho la uzinduzi lilipangwa Jumapili alasiri katika ukumbi mmoja Korogwe. Mhina alimsihi aliahirishe. Mashavu alikataa, maana siku hiyo alikuwa ameisubiri miaka minane. Alipanga kuanza na wimbo mwingine, mwepesi, wa mapenzi, na wimbo ule asiuguse kabisa. Alishika maiki, akafungua kinywa, na kilichotoka ni *Nani yuko mlangoni?* Watu walipiga vigelegele. Akajijibu, akajikaribisha, na alipotaka kufunga kinywa, taya lilikataa, wimbo ukaanza tena, ukaisha, ukaanza, na kila ulipoanza ile sauti nzito ilikuwa imepanda juu zaidi kuliko yake, na watu waliokuwa wakicheza walidhani ni ufundi wa mashine wakazidi kumshangilia, na yeye machozi yakimtiririka aliwaangalia akitafuta hata uso mmoja utakaoelewa kwamba anaomba msaada, lakini nyuso zote zilikuwa zinacheka na mikono yote iko juu, na Mhina alipokimbia kuchomoa waya ukutani spika ziliendelea kuimba, na waya ameushika mkononi.

Ndipo watu wakaelewa, wakakimbilia milangoni. Mashavu aliendelea karibu saa nzima, mbele ya viti vitupu, mpaka damu ikamtoka mdomoni akaanguka.

Mama yake alimfikisha Misima asubuhi iliyofuata, amefungwa mdomo kwa khanga.

"Shikamoo, bibi," mama alisema, akapiga magoti.

"Marahaba. Usinieleze, nimeisikia kwenye redio ya jirani." Bi Afisa alimshika Mashavu kidevu. "Ulidhani yeye anahesabu siku za wiki, mwanangu?"

Hilaria alitumiwa ujumbe, akashuka kutoka Lutindi siku ya pili na kitabu chake cha tenzi kwapani. Hakukifungua. Alimwona mwenzake, akalia, akaketi karibu na Mwantumu kama zamani.

"Sikilizeni," bibi alisema kwa sauti ya chini. "Mwantumu utauliza. Hilaria utajibu. Wewe Mashavu, ikifika zamu yako, nyamaza. Mara saba. Asipokaribishwa mara saba, ataondoka. Ila kiti amekwisha kukizoea. Hataondoka mikono mitupu."

"Atachukua nini?" mama aliuliza.

"Alichokalia."

Mashavu alielewa kabla ya mama yake.  Akaitikia kwa kichwa, na kwa mkono wake mwenyewe akaifungua khanga.

Ubani ukawashwa. Mwantumu aliuliza, Hilaria akajibu, na kifua cha Mashavu kikavimba. Alibana midomo. Mara ya pili, ya tatu. Mara ya nne jini alinong'ona kupitia meno yake yaliyofungwa, kwa upole wa kutisha: "Nani atakujua, Mashavu? Utakuwa mmoja wa wale wasichana tena." Mara ya tano na ya sita mishipa ya shingo ilimsimama, jasho lilimtoka likinuka mto, kucha zake zilizama katika kiganja cha Hilaria, naye Hilaria hakuutoa mkono, na mara ya saba nyumba nzima ilisubiri ule mstari wa tatu, mpaka kuku uani walinyamaza, na mstari haukuja.

Kitu kilipita mlangoni. Harufu ikakatika.

"Mashavu," mama aliita. "Mwanangu, sema."

Midomo ilicheza. Haukutoka hata mnong'ono.

Bi Afisa aliagiza kaseti zote zichomwe. Mhina alichoma zilizobaki studio, akauza mashine, akarudi kutengeneza redio. Alizunguka vibanda vya Mkata na Korogwe akikusanya alizoziona. Za kwenye mabasi nani angezifuata?

Wiki ya tatu Mashavu alianza kuzoea. Alipiga makofi alipotaka kuita, aliandika kwa kijiti mchangani. Asubuhi moja alikuwa jikoni anachochea moto, mama yake yuko uani anapukuchua mahindi. Mama huyu hakuwa mwimbaji, hata kwenye harusi alipiga vigelegele tu. Lakini alikuwa na siri moja ndani ya sanduku lake la nguo, chini ya khanga za msibani: kaseti moja, ambayo hakuweza kuichoma, kwa sababu ndiyo sauti pekee ya mwanawe iliyobaki duniani. Kila Mashavu alipokwenda kisimani, mama aliiweka kwenye redio, akaisikiliza mpaka mwisho, akalia kidogo, akairudisha sandukuni. Alikuwa ameisikiliza mara nyingi sana.

Mashavu alinusa kabla ya kusikia. Mkonge uliolowa.

*Nani yuko mlangoni?* mama aliimba uani, polepole, mikono ikiendelea na mahindi.

Mashavu aliangusha kuni, akakimbia.

*Mgeni wa mtoni.*

Alifika mlangoni. Alifungua kinywa kwa nguvu zake zote amkataze, apige hata yowe moja, na koo lake halikutoa kitu, hatua sita zilikuwa zimebaki, alinyoosha mkono amzibe mdomo, na mama aliinua uso, akamtabasamia mwanawe kwa mapenzi.

*Apewe kiti akae,* mama aliimba, kwa sauti ya Mashavu.